Uzito wa Gari Tupu

Binti yangu alirudi nyumbani Tunduma kwenye kiti cha mbele cha lori langu, mito miwili mgongoni na mwingine chini ya miguu. Basi nililikataa. Mtu ambaye moyo wake umevimba humpakii kwenye basi la kutwa nzima, abanwe na mizigo ya watu na muziki juu. Nilikuwa nimeshusha mzigo Dar es Salaam, na wenzangu wakaniambia ningoje kidogo nipate mzigo wa kurudi nao. Nikawaambia mzigo ninao.

Madaktari walikuwa wameshasema lao. Vali za moyo zilianza kuharibika utotoni, kwa ugonjwa wa koo ambao sisi tuliuona ni mafua ya baridi ya huku kwetu, na sasa moyo umechoka kiasi kwamba hata kumpasua hakuna faida. Walisema kwa sauti ya upole sana. Upole wa namna hiyo siupendi. Mtu akikupa habari mbaya huku anakubembeleza, ujue hana kingine cha kukupa. Mwanangu mwenyewe alikuwa anaitikia kwa kichwa kana kwamba wanaongea habari za mtu mwingine, kisha akauliza kama ataweza kusoma akiwa amelala.

Alikuwa anasoma shahada ya pili ya fizikia. Kazi yake ilihusu mwanzo wa ulimwengu, na jambo moja ambalo limewashinda wataalamu wa dunia nzima. Huku kwetu watu wakisikia hivyo husema, ah, ni kile kimondo cha Mbozi kilichomtia wazimu, maana kila mtoto wa shule hupelekwa kukitazama. Siyo. Kile kimondo alikiona akiwa mdogo, nilimpeleka mimi, akakizunguka mara moja na kurudi kwenye gari. Nilipomuuliza vipi, akasema, "Baba, hilo jiwe limeshafika. Mimi nataka kujua huko lilikopita kuna nini." Nikamjibu hakuna kitu. Akaninunia mpaka Mlowo.

Basi safari ile ya kurudi kutoka Dar es Salaam tulifika kwenye mizani ya barabarani, na lori hata likiwa tupu lazima lipande juu ya mizani. Tukiwa kwenye foleni akaniuliza, "Baba, gari tupu linapimwa la nini?"

Nilifurahi kuulizwa. Nikamwambia uzito wa gari tupu ndio mwanzo wa biashara yote. Ukienda kuuza mahindi Mlowo, mnunuzi analipima lori lako likiwa tupu, kisha analipima limejaa, anatoa ule wa kwanza, kinachobaki ndiyo mahindi yako. Hapo ndipo ujanja unapoingia. Ukitaka mahindi yako yaonekane mengi, wakati wa kupima gari tupu unashusha matairi ya akiba, unamwaga maji ya kwenye pipa, na utingo unamwambia ateremke akasimame pembeni kama hamjuani. Wakati wa kupima mzigo unavirudisha vyote, na utingo analala nyuma ya kiti. Mnunuzi naye ana ujanja wake, ila huo ni wa kuusimulia siku nyingine.

Alicheka mpaka akashika kifua. Nikaogopa, nikataka kulitoa gari kwenye foleni, akanipungia mkono kwamba niendelee. Alipopata pumzi akasema, "Basi wewe utaelewa, baba. Sitaki niondoke halafu mbaki mnasema tu, alikuwa anasoma. Nataka mtu mmoja wa nyumbani ajue nilikuwa nasoma nini."

Lile neno "niondoke" nilikuwa nimelisikia vizuri. Nilikanyaga mafuta kabla sijaruhusiwa na nikapigiwa filimbi.

Nyumba yetu iko juu kidogo ya barabara kuu, na kibaraza chake kinatazama foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia. Mimi kwetu ni Kondoa, usukani ndio ulionileta huku ujanani, nikaoa, nikabaki. Mke wangu ni Mnyiha wa Ihanda, binti wa wakulima wa kahawa, mwanamke wa maneno machache na macho makali. Yeye ndiye aliyemtengenezea mtoto godoro pale kibarazani, kwa sababu chumbani alikuwa anakosa hewa, na kila asubuhi jua likishapanda tulimtoa nje, amejifunika blanketi na sweta langu la safari. Hali ya hewa ya Tunduma mnaijua. Unaweza kutetemeka huku jua linakuchoma.

Darasa likaanza hapo. Mwanafunzi mimi, mwalimu yeye, na mke wangu akiwa mlangoni na ungo wake wa maharage, anachambua kama hatusikii.

Siku ya kwanza aliniambia utupu una uzito. Nikamwambia hapana, utupu ni utupu. Akasema, "Chukua sanduku, baba. Toa mahindi, toa vumbi, toa hewa, toa mwanga, toa na joto lote. Kinabaki nini?"

"Sanduku."

"Toa na sanduku."

Nikamwambia sasa ananitania. Akasema hapana, hapo ndipo kazi yake ilipoanzia. Ukishatoa kila kinachotoleka, bado hapo mahali panabaki na mtetemo ambao hauzimiki. Ni kama injini isiyo na ufunguo: gari limesimama, gia haipo, dereva ameenda kula, lakini linanguruma. Kunguruma huko ni nguvu, na nguvu yoyote ina uzito. Wataalamu wakakaa chini wakajumlisha huo mngurumo, kila mahali, mdogo na mkubwa, wapate utupu una uzito gani. Wakapata jibu la kutisha. Utupu ulio ndani ya kikombe changu cha chai, kwa hesabu yao, ungekuwa mzito kuliko nyota zote unazoweza kuziona.

"Na mizani inasema nini?" nikauliza, maana mimi ni mtu wa mizani.

"Mizani inasema karibu na sifuri. Kidogo sana, baba. Kidogo mno. Lakini siyo sifuri." Akaniambia tofauti kati ya hesabu na mizani ni moja ikifuatiwa na sifuri kama mia na ishirini. Alisema hakuna hesabu nyingine katika elimu yao iliyowahi kukosea namna hiyo.

Mimi nikacheka. Nilikuwa nimeshalijua jibu. "Kuna mtu amesimama kwenye mizani," nikasema. "Mmesahau kumteremsha utingo."

Hapo alicheka tena, safari hii polepole, akikihurumia kifua chake. Akaniambia hata wao walishafikiria hivyo. Katika hesabu zao nyingine zote uzito wa gari tupu wanautoa bila hata kuuangalia. Ukitaka kujua umeme unafanyaje, au mwanga unafanyaje, unatoa utupu kama mnunuzi wa Mlowo anavyotoa lori, unabaki na mahindi, na jibu linatoka safi. Shida ni kani ya mvutano, ile inayoshika dunia na nyota.

"Mvutano siyo mnunuzi, baba. Mvutano ni barabara. Mnunuzi anatoa uzito wa gari, lakini barabara haitoi. Lami inabeba vyote, gari na mzigo na utingo aliyejificha. Kama utupu ungekuwa mzito kama hesabu inavyosema, barabara ingeshabomoka zamani, wala kusingekuwa na wewe wala mimi. Lakini tunapita, na lami haina hata ufa. Kwa nini? Hakuna anayejua."

 Chini yetu lori moja lenye mzigo wa shaba lilikuwa linaingia mjini, limeinama upande, na pale yanapopita malori kama hilo kila siku lami imedidimia kama mtaro. Nimeendesha kwenye mitaro ile maisha yangu yote. Nilielewa. Sisemi nilielewa hesabu, hesabu sina, lakini shida yenyewe niliiona kama ninavyoliona gurudumu lililopasuka.

Siku iliyofuata nilikuwa bado na jibu jingine moja. Mnakumbuka Wazambia walivyoondoa sifuri tatu kwenye kwacha yao. Sisi wa mpakani tulihangaika, watu walilia na kucheka sokoni, aliyelala milionea akaamka na elfu. Nikamwambia, "Waziondoe hizo sifuri kama Wazambia walivyofanya. Serikali ikitaka, inaziondoa."

"Nani aziondoe, baba?" akasema, na uso wake ukachangamka kama alipokuwa mtoto. "Hilo ndilo wanalolitafuta, huyo wa kuziondoa. Na ngoja nikwambie kinachoumiza kichwa. Kuziondoa zote ingekuwa rahisi. Ukikuta hesabu imeishia sifuri kamili unajua kuna sheria. Kwa mfano ukikuta gari limepimwa halina uzito kabisa, unajua mizani imezimwa. Lakini hapa kuna kitu kimefuta karibu vyote, kikabakiza kipande kidogo mwishoni. Sheria gani inafuta hivyo? Na hicho kipande kilichobaki ndicho kinachosukuma ulimwengu uzidi kupanuka."

Akanieleza kwamba uzito wa utupu ni wa ajabu, hauvuti kama uzito mwingine, unasukuma. Makundi makubwa ya nyota yanaachana, na kila yakiachana utupu katikati yao unaongezeka, na ukiongezeka unasukuma zaidi. Itafika siku, mbali kabisa huko mbele, kila kundi litakuwa peke yake na halitaliona jingine. Hilo sikulipenda. Nikamwambia habari hiyo haina maana, Mungu hakuumba vitu ili visionane. Akanishika mkono akasema, "Ndiyo vipimo, baba. Siyo mimi."

Kisha akasema, "Umeelewa sasa?"

Nikasema nimeelewa. Nikamrudishia yote, injini isiyozimika, mnunuzi, barabara, kwacha, kipande kilichobaki. Alisikiliza amefumba macho. Nilipomaliza akasema, "Basi," akavuta blanketi, akalala.

Alilala mchana kutwa. Nilikaa kumtazama, na kadiri nilivyomtazama ndivyo hofu ilivyonipanda kutoka miguuni. Uso ule ninaujua. Ni uso wa dereva aliyekaa mpakani siku nyingi, analala chini ya gari, ananunua maji ya kuoga kwa ndoo, halafu wakala wa forodha anakuja na karatasi zote zimegongwa mihuri. Anatulia. Anaanza kukusanya sufuria zake. Gari ambalo karatasi zake zimekamilika haliwezi kubaki Tunduma hata kama unampenda dereva wake kiasi gani. Lakini gari ambalo karatasi moja haijatimia linakaa. Nimewahi kuona magari yakikaa mpaka nyasi zinaota kwenye matairi.

Mimi si mshirikina. Naswali swala zangu, na najua ajali haina kinga. Lakini mtu ambaye mtoto wake analala vile hashiki dini peke yake, anashika na kingine chochote kilicho karibu. Karatasi yake ya mwisho ilikuwa mimi kuelewa, na nikaamua kumcheleweshea.

Asubuhi nilipompelekea uji wa ulezi nikamwambia, nikimwita mama kama nilivyomzoea tangu utoto wake, "Mama, lile la jana nimelala nalo, nimeona kumbe sikuelewa."

Akanitazama. "Wapi?"

"Pale pa injini."

Akaanza upya. Siku nyingine nikakwamia kwenye barabara. Siku nyingine nikarudi kwenye utingo, nikang'ang'ana kama mbumbumbu kwamba lazima yupo, amejificha tu vizuri. Nilikuwa nalala nikipanga ujinga wa kesho. Jamani, kujifanya mjinga ni kazi. Unatakiwa kukosea karibu na ukweli, ili mwalimu aone bado kidogo tu. Naye kila nilipokosea alijiinua kwenye mto, akatafuta mfano mwingine, na rangi ikarudi kidogo mashavuni. Alikula ili apate nguvu ya kunieleza. Hilo nililiona kwa macho yangu na hakuna atakayenibishia.

Mke wangu ndiye aliyenibishia. Alinikuta nyuma ya nyumba nikiosha miguu kwa ajili ya swala ya adhuhuri, akasimama mbele yangu na ungo wake. "Mzee, kichwa chako kimekuwaje? Mtoto anaongea mpaka midomo inakuwa ya bluu. Unammaliza kwa maswali."

Nikamwambia kuuliza si ujinga.

"Kuuliza jambo lile lile kila siku ni nini?"

 Ningemwambia nini? Kwamba ninalizuia gari? Angenihurumia, na mimi sikuwa na nafasi ya kuhurumiwa. Akarudi ndani kwa hasira, na jioni akanipa chai bila kunitazama. Mtoto ndiye aliyemwambia, "Mama, mwache baba aulize."

Mifano ilipoanza kumwishia, akabadili njia. Akasema labda nitaelewa nikianzia mwanzo wenyewe. Akanisimulia kwamba kabla ya joto, kabla ya nyota, kulikuwa na wakati ambapo utupu ulikuwa mzito kweli, mzito kama ile hesabu ya kutisha inavyokaribia kusema, na kwa kuwa uzito wa utupu unasukuma, ulisukuma kila kitu kikapanuka kwa kasi ambayo haisemeki. Sehemu ndogo kuliko punje ya ulezi ikawa kubwa kuliko anga, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Walimu wake waliuita mfumuko. Vijimtetemo vidogo vya utupu vilinyooshwa pamoja nao, na pale vilipokuwa vimekusanyika kidogo ndipo baadaye nyota zilipozaliwa. Sisi sote, alisema, tumeota kwenye mikunjo ya utupu ule.

"Ukaisha vipi?" nikauliza. Hilo niliuliza kwa kuwa sikuwa nimejiandaa, likanitoka lenyewe.

"Unaujua mteremko wa Senjele?"

Kuna dereva asiyeujua? Akasema, fikiria lori liko juu kabisa, kabla ya Senjele, mahali ambapo mlima umekaa tambarare na mteremko ni mdogo mno. Linatambaa. Muda wote linapotambaa kule juu, ulimwengu unafumuka. Kisha linafika ukingoni, linaporomoka mpaka bondeni, na dereva anakanyaga breki. Breki zinafanyaje?

"Zinawaka. Unasikia harufu kilomita nzima."

"Lile joto la breki ndilo lililokuwa kila kitu. Nguvu yote ya kule juu iligeuka joto, na joto likageuka maada, na maada ikawa wewe." Akapumzika. Alikuwa anahitaji kupumzika kila baada ya sentensi sasa. "Sisi ni joto la breki, baba."

Nimeshuka Senjele mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na kila mara nilipofika bondeni salama nilisema alhamdulillahi bila kujua nasema nini. Nilimtazama mwanangu, miguu imevimba, shingo imekonda mpaka mishipa inapiga wazi, na huzuni iliyonishika siku ile sikuwahi kuwa nayo hata siku nilipowazika wazazi wangu. Nilitaka kumwambia kwamba nimeelewa vizuri kuliko jambo lolote nililowahi kuelezwa. Nikasema, "Hapo pa breki sijapata sawasawa. Nieleze tena kesho."

Aligeuza uso akatazama foleni ya malori. Mke wangu alikuwa ameingia ndani kuchukua maji, tulikuwa wawili tu.

"Baba," akasema, "mbona unanishikia karatasi?"

Nilijifanya sijasikia. Nikainama kurekebisha blanketi miguuni.

"Nimekulia hapa mpakani," akasema. "Najua gari linavyozuiliwa. Ulielewa tangu siku ya barabara. Uliporudia yote uliyasema vizuri kuliko ninavyoyasema mimi."

"Sikuelewa," nikasema.

"Sawa."

"Sijaelewa, mama."

"Sawa, baba." Akatabasamu, kwa shida. "Basi kesho nitakueleza tena."

Na kweli kesho yake alinieleza tena. Kuanzia hapo wote wawili tulijua, na tuliendelea hivyo hivyo, yeye akifundisha kilichokwisha kueleweka, mimi nikikosea nilichokijua. Sauti yake ikashuka mpaka nikawa naweka sikio karibu na mdomo wake. Wakati mwingine alisema neno moja tu, "barabara", au "breki", na mimi nikatikisa kichwa kukataa, naye akarudia. Sijutii hata siku moja kati ya zile. Watu wamewahi kuniambia ningemwacha apumzike. Wao waliowaacha wagonjwa wao wapumzike, walibaki na nini?

Alifariki alasiri ya siku ya mvua, kichwa chake mapajani mwa mama yake. Nilikuwa nimeenda kutafuta gari la kumpeleka hospitali Mbeya. Niliporudi nalo, wanawake wa jirani walikuwa wameshavua viatu mlangoni.

Tulimzika siku iliyofuata baada ya swala ya adhuhuri. Ndugu wa mke wangu walikuja kutoka Ihanda, wengine na rozari mifukoni, wakasimama nyuma kwa heshima. Madereva walikuja, Watanzania na Wazambia, na foleni yao wakaiacha. Walilibeba jeneza kwa kupokezana kama ilivyo kawaida, na nilisikia mmoja akimnong'oneza mwenzake kwamba ni jepesi. Mimi niliteremka kaburini kumpokea. Jeneza la msikiti halizikwi, hurudishwa, na wakati wa kurudi nilishika mguu mmoja wa mbele. Mtu akataka kunipokea, nikakataa. Lilikuwa tupu na nilitembea nalo mpaka msikitini bila kubadilisha bega.

Nilitegemea kuvunjika. Nasema kweli, niliusubiri mvunjiko kama mtu anayesubiri kupigwa. Kwa hesabu yoyote niliyokuwa nayo, nyumba ile bila yeye ingetuangukia. Haikuanguka. Asubuhi maziwa yalikuja, mke wangu akawasha moto, malori yakapiga honi. Kilichobaki kilikuwa kitu kidogo, hukioni ukikitazama, lakini mimi na mke wangu tukaanza kuachana. Hatukugombana. Yeye alikula jikoni, mimi kibarazani. Mimi nilikwenda msikitini mapema nikachelewa kurudi; yeye alikwenda Ihanda kwa ndugu zake akakaa huko kuliko alivyosema. Kitandani tulilala kila mtu na ukuta wake. Katikati yetu palikuwa panaongezeka, na hakuna aliyesukuma. Nililijua jambo lile. Nilikuwa nimefundishwa.

Matanga yalipokwisha na watu kutawanyika, nikarudi kazini. Siku moja mchana nilikuwa kule Mpemba, nje kidogo ya mji, lori langu likiwa kwenye foleni na dereva niliyemwajiri tangu mtoto augue ameenda kula. Mbele yetu kulikuwa na lori la mzigo wa mbolea, limeegeshwa mahali ambapo ungeapa ni tambarare. Dereva wake alikuwa amekaa kivulini na wenzake, wanacheza bao. Mara nikaona vumbi linasagika chini ya tairi. Lile lori lilikuwa linatembea. Polepole, kama mtu anayejinyoosha usingizini, halina dereva, linatambaa lenyewe. Nikapiga kelele, watu wakakimbia, mmoja akasukumia jiwe chini ya tairi, likasimama. Dereva akaja anahema, anaapa kwamba pale ni tambarare, ameegesha hapo miaka yote.

Wenzangu walimcheka na kumtukana. Mimi nilibaki nimesimama katikati ya barabara.

Kwa maana mwanangu aliniambia lori la mwanzo lilitoka kule juu likaporomoka bondeni, na kwamba sasa tuko bondeni, na ule uzito mdogo uliobaki ndio uzito wa bonde. Lakini nani alihakikisha kwamba hapa ni bondeni? Kule juu pia lilikuwa linatambaa hivi hivi, taratibu, na kama kungekuwa na mtu angeapa ni tambarare. Je, kama hatujafika? Kama kile kipande kidogo kisichotaka kwisha ni mteremko mwingine, mdogo mno, na bado tunatambaa, na mbele kuna ukingo? Nilirudia kichwani kila alichonieleza, siku zote zile za kujirudia, nikitafuta mahali alipolijibu swali hili. Hakulijibu, kwa sababu sikumuuliza. Nilikuwa nimeshughulika kuuliza ninayoyajua. Huenda wenye elimu yao walishaliuliza zamani na wana jibu. Mimi nilikuwa silijui, kweli kabisa nilikuwa silijui, na furaha iliyonipata pale barabarani ilikuwa ya kitoto.

Nikamwacha dereva wa watu na mbolea yake, nikapanda bodaboda, nikamwambia kijana aende haraka. Njia nzima nililishika lile swali lisinidondoke. Nilivua viatu ngazini, nikafika kibarazani nimeshafungua mdomo.

Godoro halikuwepo. Mke wangu alikuwa amekaa pale lilipokuwa, kwenye mkeka, anachambua maharage. Aliinua uso akaona nilivyokuja, jasho na pumzi juu. Hatukuwa tumezungumza jambo la maana kwa muda mrefu.

"Umesahau nini?" akauliza.

"Nilikuwa na swali," nikasema.

Hakuuliza swali la nani. Mkono wake ukasimama juu ya ungo.

"La kweli," akasema, "au yale yako?"

Kumbe naye alijua. Sijui tangu lini. Pengine walikuwa wakinicheka wawili nilipokwenda kuswali, na Mungu ajalie iwe hivyo.

"La kweli," nikasema.

Akausukuma ungo pembeni, akaniachia nafasi kwenye mkeka. "Sasa ndiyo unauliza," akasema, na akaanza kulia, na mimi nikakaa.